Namba Iliyopanda Nusu ya Shamba

Nimefundisha hesabu katika sekondari za Masisi kwa miaka mingi, na nimeiona hesabu ikitendewa maovu ya kila aina. Nimemwona muuzaji akipima maharagi kwa kopo alilolibonyeza chini kwa nyundo. Nimefanya kazi na mwalimu aliyewaambia watoto kwamba sifuri si namba kwa sababu haina kitu ndani. Hao wote niliwasamehe. Lakini ipo namba moja ambayo nikiikuta imeandikwa mahali, hata leo, hasira inanipanda kutoka tumboni, na wanaonifahamu wanajua kusogea pembeni.

Namba yenyewe ni 105263157894736842.

Niseme mapema kwamba namba haina kosa. Ina adabu kuliko watu wengi niliosali nao. Ukiizidisha kwa mbili unapata 210526315789473684. Itazame polepole. Tarakimu ni zilezile, kwa mpangilio uleule, ila ile 2 iliyokuwa mkiani imetoka nyuma na kukaa mbele, na wenzake wote wamesogea kuipisha. Katika namba zote nzima, tangu moja na kuendelea, hiyo ndiyo ya kwanza kabisa yenye tabia hiyo. Kabla yake hakuna. Ukiikata katikati unapata 105263157 na 894736842, na ukijumlisha vipande hivyo viwili unapata tisa tupu, tisa zilizopangana kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu mwenye akili angekaa nayo alasiri nzima na kufurahi, kisha angekwenda kupika.

Pasta aliyetuletea namba hiyo hakuwa mtu wa kufurahi na kwenda kupika.

Alitufikia kijijini Kibabi akitokea Walikale, ambako alikuwa akihubiri kwenye machimbo. Huko mtu aliyeshinda ndani ya shimo hataki kuhubiriwa upendo wa jirani. Anataka kuambiwa kwamba alichonacho mfukoni kitakuwa mara mbili kabla ya Jumapili ijayo, na pasta wetu aliujua ugonjwa huo vizuri, akawa anautibu kwa kuuzidisha. Namba aliipata kwenye telefone, katika zile jumbe ambazo watu hutumiana wakiwa hawana la kufanya. Hakujua imetoka wapi wala inafanyaje kazi. Alijua tu kwamba inajirudia ikiwa mara mbili, na hilo lilimtosha kununua suti ya kijani na spika mbili, na kuja kutuokoa.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Mweso. Shule niliyofundisha kule ilijaa watu waliokimbia vijiji vyao, wakalala juu ya madawati na kugeuza milango kuni, nami nikafunga mizigo nikaja kufundisha Kibabi, karibu na mama. Mama alikuwa akilima maharagi na mihogo kwenye ubavu wa kilima, na alikuwa akiwalea watoto wawili wa marehemu dada yangu. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuwalisha. Mshahara wangu ulikuja ulipotaka, na mara nyingi haukutaka. Kwa hiyo nikisema kwamba maisha ya watoto wale yalikuwa ndani ya gunia la mbegu la mama, sitii chumvi. Gunia lile alilihifadhi juu ya meko, mbegu zikiwa zimechanganywa na majivu ili wadudu wasiziguse, na hata tuliposhindia majani ya mihogo peke yake hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono huko juu.

Jumapili ya kwanza ya pasta nilikwenda kanisani kwa sababu mama aliniomba. Nikakuta namba imechorwa kwa rangi nyekundu ukutani, nyuma ya mimbari, kubwa kuliko msalaba. Alipokuwa akipiga kelele kwamba inajizidisha, nikaandika kwa kalamu kwenye kiganja changu na kuizidisha. Haikujizidisha. Ilitoka vurugu tu. Nikarudia, kisha nikaona: mahali palipopaswa kuwa na 9 mchoraji ameweka 4. Hapo ndipo nilipomdharau kabisa. Mtu anakuja na muujiza mmoja tu maishani mwake, na hata huo anauandika na kosa.

Baada ya ibada nilimfuata, nikamwonyesha kosa kwa heshima, maana mama alikuwa amesimama karibu. Akanitazama, akatazama ukuta, akatabasamu. Jumapili iliyofuata 9 ilikuwa imerudi mahali pake, na pasta akaushika mkono wangu mbele ya watu wote.

"Ndugu zangu," akasema, "shetani aliingia humu akabadilisha shifre moja, juu aliogopa. Na Mungu akamufungulia macho dada yetu, Madame wa mate, mwalimu wa hesabu! Piga makofi!"

Wakapiga. Kwa hiyo mimi, niliyekwenda kumwambia kwamba hajui kunakili, nikageuka shahidi wa muujiza. Nilirudi kukaa nikiwa nimevimba kwa hasira, na mama akanipigapiga gotini kwa furaha kama mtoto wake amepata diploma.

Pale safu ya mbele alikaa prefe wa shule yetu, bosi wangu, mtu mwenye lisanse ya chuo kikuu na miwani. Nilimtegemea yeye. Akatoa telefone yake, akafungua kalkilatrisi, akaanza kubonyeza tarakimu moja moja, akazidisha kwa mbili, na kanisa zima likanyamaza kumngojea msomi. Kioo kikamwonyesha 2.105263157E17. Telefone ilikuwa imeishiwa nafasi ya kuandika, basi; E ile inasema tu kwamba usogeze nukta hatua kumi na saba kwenda kulia. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wanalijua hilo. Prefe akainua telefone juu na kuuliza, "Pasta, hii E njo nini?"

Pasta hakusita hata kidogo. "E! Munaona? E ya Eternel, Mungu wa milele! Iko anasaini kazi yake mwenyewe!"

"Amen," akasema prefe, na miwani yake.

Ningecheka kama mambo yangeishia hapo. Mtu akitaka kuabudu namba, na aiabudu. Kuna vitu vibaya zaidi vinavyoabudiwa katika nchi hii. Lakini wakati wa kupanda ulikuwa unakaribia, mvua za kwanza zilishaanza kugonga mabati, na pasta akaiteremsha namba kutoka ukutani hadi mashambani.

"Kama unapanda mbuto nusu," akahubiri juu ya mbegu zetu, "Mungu atakuvunisha nzima, juu nimero inazidisha. Nusu yenye inabakia, uandike nimero ku gunia, uiache mu nyumba. Mwenye atapanda yote, ule haamini. Na wewe wa nyuma, nakuambia, utakuya mbele, kama ile mbili!"

Nilidhani watu watazomea. Wakulima hawa, ambao baba zao na babu zao wamekilima kilima hiki, wanaotambua kwa kunusa udongo kama mvua itadumu, wakatikisa vichwa kwa kukubali. Jioni ile nilipopita njiani niliona magunia yametolewa nje na vipande vya makaa vikitembea juu yake, watu wazima wakiandika tarakimu ulimi nje, wakiulizana baada ya 7 inakuja ngapi. Sijawahi kuona kilima kizima kikijitia ujinga kwa bidii namna hiyo. Na mwandiko ulikuwa mbaya.

Lazima nieleze jinsi tunavyopanda, kwa sababu mambo yote yalikwenda kwa njia hiyo. Kwetu wanawake hupanda kwa zamu. Leo tuko shambani kwako wote, kesho kwangu, na kila mmoja huja na jembe lake. Mwenye shamba anatoa mbegu mbele ya macho ya wote, na wote wanaona ametoa kiasi gani na amebakiza kiasi gani. Ukibakiza, wataanza kujiuliza kwa nini. Na kuna sababu moja ambayo haitamkwi. Wakati wa kupanda, kwenye kilima chetu, hakuna anayetaja kukimbia. Unaweza kusema juu ya ugonjwa na njaa, hata juu ya mume wako ukipenda, lakini ukisema neno hilo jembe likiwa ndani ya udongo, umeita vita. Msimu mmoja bibi harusi mgeni alisema tuharakishe kupanda kabla hatujakimbia tena. Alisema akicheka. Wanawake wakang'oa majembe yao, wakaenda nyumbani bila neno, na shamba lake likabaki tupu mpaka mama mkwe wake alipopita nyumba kwa nyumba na kasiksi, pombe ya ndizi, kuomba msamaha. Mimi mwenyewe niliona ni upuzi, ila ulikuwa upuzi wa kwetu, wa tangu zamani, nao haukuwa umevaa suti.

Zamu ya mama ilipofika nilikwenda naye. Alishusha gunia, akalifungua, na kabla ya kuchota akamimina nusu pembeni kwenye mfuko mwingine. Mfuko ule ulikuwa na namba. Mmoja wa wale watoto alikuwa amemwandikia kwa makaa, kwa tarakimu kubwa zilizopinda.

Nilimvuta kando. "Mama, mbuto ingine unaipeleka wapi?"

"Inabakia. Pasta alisema nusu."

"Pasta hajui hata kuandika ile nimero! Mimi njo nilimukosoa!"

"Minajua, mutoto yangu. Alisema kama uko na akili mingi."

"Mu mwezi wa kumi na mbili batoto watakula nini? Watakula nimero?"

Mama akageuka kuwatazama wale wanawake waliokuwa wamesimama na majembe yao, wakisubiri. "Acha kelele," akasema kwa sauti ya chini. "Ba mama wanasikia. Mie minapanda nusu."

Wakapanda nusu. Sehemu ya juu ya shamba, ile yenye udongo mweusi kuliko yote, ikabaki na magugu yake, na hakuna mwanamke aliyeuliza swali. Kwa nini waulize? Namba ilikuwa imewajibu wote. Mimi nilitupa jembe nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nikijisemea kwa sauti. Nilimwonea mama haya. Nilimdharau pia, na neno hilo silirembi: nilimtazama mwanamke aliyenisomesha kwa maharagi na nikamwona mjinga.

Nikaamua kuiua namba hadharani. Nilimwomba pasta nafasi baada ya ibada, na yeye, akidhani ninakuja kushuhudia tena, akatuma watu walete tablo ya shule. Nikasimama mbele ya kanisa na chaki.

"Hii haiko muujiza," nikawaambia. "Hii iko mapishi. Nitawaonyesha mapishi yake, na kila mutu atajipikia yake kwake."

Nikaandika 2 upande wa kulia kabisa wa tablo. Nikawaeleza: tunataka kila tarakimu, ikizidishwa kwa mbili, itoe jirani yake wa kushoto. Mbili mara mbili ni 4, andika kushoto. Nne mara mbili ni 8. Nane mara mbili ni 16, andika 6 na ushike 1. Sita mara mbili ni 12, ongeza ile 1 uliyoshika, 13, andika 3 na ushike 1. Tatu mara mbili ni 6, ongeza 1, andika 7. Watu wakaanza kuitikia pamoja nami, maana kuzidisha kwa mbili kila mtu anaweza. Tukaenda hivyo kuelekea kushoto mpaka tulipofika kwenye 1 bila cha kushika. Moja mara mbili ni 2, na 2 ndiyo tuliyoanza nayo, kwa hiyo mduara umejifunga. Nikarudi nyuma. Namba ya pasta ilikuwa imesimama pale yote, bila maombi na bila E. Nikawaambia hata wakiizidisha kwa 19 watapata 1 mbele, 8 nyuma, na katikati tisa zimejipanga, na kwamba siri yote iko hapo, ni kugawanya tu, ni darasa, ni kitu ambacho wangekijua kama wangewaacha watoto wao shuleni.

Wakapiga makofi sana, na makofi yale yakaniingia kichwani. Nikataka kuizika kabisa. "Na kama munataka ya mara tatu," nikasema, "munaanza na 3." Nikafuta tablo, nikaanza na 3 kulia, nikazidisha kwa tatu kuelekea kushoto, nikishika na kuongeza, mpaka tablo ikakaribia kuisha: 1034482758620689655172413793. Mara tatu yake ni 3103448275862068965517241379, na 3 imetoka mkiani ikakaa mbele. "Munaona? Ningeweza kupika ya mara ine, ya mara tano. Sasa muujiza uko wapi?"

Kisha mama mmoja mnene wa safu ya pili akainua mkono kama mwanafunzi.

"Madame, hiyo ya tatu, inaomba tupande kiasi gani?"

Nilisikia chaki ikivunjika mkononi mwangu. Pasta alikuwa ameshanyanyuka, mikono juu, machozi yakimtoka, na sijui hadi leo kama yalikuwa ya kweli. "Utatu!" akapiga kelele. "Utatu Mutakatifu! Mungu ametupa ingine kupitia Madame!"

Wiki ile kulikuwa na watu kwenye kilima waliopanda theluthi. Namba yangu waliiandika kwenye magunia yao, na kwa sababu ilikuwa ndefu, iliyazunguka magunia na kurudi mbele. Prefe aliniomba nimwandikie kwenye karatasi safi. Nilimjibu kitu ambacho si cha kumjibu bosi, na akasema ananielewa, watu wenye vipawa huwa na hasira.

Hapo nikawaachia. Nilitia pamba masikioni. Nilikuwa na kipande changu cha shamba juu ya la mama, mahali ambapo kila anayepita njiani anapaona, nikapanda mbegu yangu yote. Wanawake wa zamu waliponiona nainua gunia na kulikung'uta chini juu, hadi majivu, walitazamana. Nilitaka watazamane. Nilichimba mashimo karibu karibu, nikakata miti mirefu ya kusimikia, na maharagi yalipoota yakaanza kuipanda miti ile kwa uzuri ambao hata mimi sikuutegemea. Shamba la mama, chini yangu, lilikuwa nusu maharagi na nusu magugu. Kila nilipomkuta amesimama pale, nilihakikisha nimepita polepole.

"Yako inaota muzuri," aliniambia siku moja.

"Yangu iliota yote," nikamjibu.

Alikuwa akitazama mlima wa upande wa pili, ambao siku hizo ulikuwa na moshi mwingi asubuhi kuliko wapishi wanaoishi kule.

Maharagi yangu yalikuwa yametoa maua wakati risasi zilipoanza. Ilikuwa asubuhi, nikiwa darasani. Kila mtu anayeishi kwetu anajua jinsi ya kutofautisha risasi za walevi na risasi za kweli, na hizi zilikuwa za kweli na zilikuwa zinashuka. Tuliwaachia watoto wakimbilie kwao. Nilipofika barabarani nilimwona pasta. Alikuwa ameshapanda pikipiki, spika moja mbele na nyingine mgongoni mwake, suti imejaa vumbi, na mwenye pikipiki alikuwa akipiga honi ili watu wampishe. Katika kazi zote za pamoja za kijiji, siku za salongo, kufungua mtaro, kubeba mawe ya shule, mtu yule alikuwa wa mwisho kufika na jembe lake lilikuwa safi. Siku ile alikuwa mbele ya kilima kizima. Kwa upande huo alitimiza neno lake.

Mama nilimkuta nyuma ya nyumba, watoto wameshavaa nguo mbili mbili, sufuria imefungwa, na mgongoni kwake kikwembe kimefunga kitu ambacho nilidhani ni mtoto wa jirani. Tukaingia kwenye mstari wa watu. Tulitembea mpaka miguu ya watoto ikavimba, tukapita Mubambiro, kwenye kambi ya wanajeshi, ambako hakuna aliyetugeukia, na tukatua upande wa Sake, chini ya bashe, turubai lililopasuka, pamoja na maelfu ya wengine.

Pale, alipokaa chini mara ya kwanza, mama alifungua kikwembe. Ulikuwa ule mfuko. Namba ilikuwa imefutika nusu kwa jasho la mgongo wake. Ilibaki 1052631, kisha doa.

Alitia mkono ndani, akachota mbegu chache, akazipuliza majivu na kuzitazama, akazirudisha. Nilimwuliza, na bado sikuwa na sauti nzuri, kama hata sasa anaamini ile namba.

"Nimero gani?" akasema.

"Ya Pasta, Mama. Yenye ulipandia nusu."

Akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Mutoto yangu, moshi niliiona ku mulima tangu mvua ya kwanza. Nilijua tutatoka. Ningesema nini mbele ya ba mama? 'Minabakisha nusu juu tutakimbia'? Wangeniachia shamba. Pasta akakuya na nimero yake, akasema kila mutu abakishe. Nikasema aksanti Mungu." Akafunga mfuko. "Ulikuwa unaniuliza tu juu ya nimero. Juu ya moshi haukuniuliza."

Nilikuwa nikiyafikiria maharagi yangu, yenye maua, yakipanda miti ile mirefu, na wanaume wenye bunduki wakiyavuna mabichi au wakipita juu yake. Sikuwa na mbegu hata moja. Miongoni mwa wanawake wote wa kilima kile waliokuwa wamelala chini ya mabashe upande wa Sake, wale wa nusu na wale wa theluthi, wengi walikuwa na mfuko wa mbegu wenye tarakimu za makaa. Mimi niliyejua namba inavyopikwa nilikuwa na kipande cha chaki mfukoni.

Simwachii pasta sifa hiyo hata kidogo. Hakuona moshi wowote, na kama aliuona hakumwambia mtu. Yuko hapahapa, baada ya wiki chache alishapata bashe yake kubwa na watu wa kuijaza, na ile namba ameichora upya kwenye karatasi ya boksi. Nilipita siku moja nikasoma. Ile 4 imerudi mahali pa 9. Safari hii sikumwambia. Namba ile, kwa jinsi anavyoihubiri, ni upuzi, ilikuwa upuzi Kibabi na ni upuzi Sake, na nitasema hivyo mbele ya yeyote, prefe akiwemo, ambaye naye yuko safu ya mbele.

Mvua ziliporudi, mwenye shamba mmoja aliye karibu na kambi alimkopesha mama kipande cha ardhi kati ya mawe, kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Tulikwenda asubuhi, mimi na yeye na watoto. Mama akafungua mfuko, akamimina mbegu zote kwenye kikwembe, akazigawa mafungu mawili kwa kiganja, bila kupima, na fungu moja akalisukuma upande wangu.

"Hii iko yako. Anzia kule ku mawe."

Niliinama nikachimba. Hapakuwa na wanawake wa zamu wa kutuona, wala hapakuwa na wa kumficha chochote. Nilipanda mstari wa kwanza, nikapanda wa pili. Kisha nikasimama, nikatazama milima ya upande tuliotoka. Mbegu zilizobaki mkononi, karibu nusu, nikazifunga kwenye ncha ya kikwembe changu, fundo mara mbili. Mama alikuwa akinitazama. Akarudi kuinama, akaendelea kufukia.